Chai ya Moto Katika Mtungi wa Marehemu

Chombo kilichotobolewa kitako ni cha marehemu. Hakiondolewi juu ya kaburi, hakirudi jikoni, na aliye hai hakinywei. Akikinywea amejitangaza kuwa mfiwa wa mwenye chombo, naye atatendewa yote anayotendewa mfiwa.

Sheria hiyo haikuandikwa popote. Katika ukoo wetu hapa Njombe, na katika ukoo wa mke wangu kule Mawengi, mtoto huijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Odilo aliijua. Nakuomba, msomaji, ulikumbuke neno hilo utakapomwona akilowa.

Kwa yule ambaye juma lililopita gazeti halikumfikia, nitarudia kwa ufupi. Mimi ni Danieli, mwalimu mstaafu. Wamisheni walinifundisha kusoma, kuandika, na kutompisha mwongo njiani. Mke wangu Emerensiana aliugua kifua wakati wa baridi kali, akafariki. Mdogo wake wa pekee, Odilo, afanyaye biashara ya vitu vya kale Makambako, alipigiwa simu aje azike. Alijibu kwamba dada aliyeacha kanisa la baba yake ili aolewe na Mlutheri hana ndugu wa kumlilia.

Hakuja.

Juu ya kaburi tuliweka mtungi wa jiwe, yaani wa udongo uliochomwa hadi ukawa mgumu kama jiwe, wa enzi za Mdachi, ambao Emerensiana mwenyewe aliufukua kwa jembe lake. Niliutoboa kwa mkono wangu. Mtungi ule ukaibwa. Na kwa kuwa kila mtu anajua kwamba sebule yangu imejaa chupa na mitungi ya kale, watu walisema nimeuuza mimi. Aliyelisema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Benno, mzee wa kanisa letu.

Nilipoishia, nilikuwa nimeuona mtungi huo dukani kwa Odilo. Nilipitisha kidole chini yake. Tundu lilikuwa limezibwa, na pale palipozibwa pamepakwa masizi ili rangi zifanane. Nilibonyeza kwa ukucha.

Ukucha ulizama.

Saruji haipokei ukucha. Nta huupokea.

Odilo, asiyejua kwamba nimekwisha kujua, alijigamba kwamba mtungi huo una mnunuzi, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Remmy, ambaye angekuja kuuchukua Jumamosi. Nilimpongeza. Nilimuaga kwa adabu, nikapanda basi la kurudi Njombe.

Huko njiani nilitafakari. Ningeweza kwenda polisi. Wangemwita, angelipa faini, angetoka huku akicheka. Lakini mimi sikutaka Odilo alipe. Nilitaka alie. Nilitaka mtu huyo akae chini, anyolewe, amlilie dada yake mbele ya watu, kama alivyopaswa kufanya siku ile tulipomshusha Emerensiana ardhini na upande wa ndugu zake ukabaki mtupu.

Ijumaa nilikwenda kwa Benno. Nilimkuta akichambua mbegu za viazi. Nikamwomba anisindikize Makambako.

Aliniangalia kwa mashaka. Akaniambia kwamba mtu aliyepoteza kitu cha kaburini heri atulie kimya.

"Mwalimu," alisema, "mambo haya mwachie Mungu."

"Nitamwachia, Benno. Nikishamaliza sehemu yangu."

Alikubali, nadhani kwa sababu alitumaini kunishuhudia nikiumbuka.

Wa tatu wetu alikuwa dada yangu mkubwa, Yunisi. Huyo hakuhitaji kuombwa. Jumamosi alfajiri alichemsha chai ya tangawizi hata mfuniko ukacheza juu ya sufuria, akaijaza kwenye chupa ya chai, akaikaza, kisha akaifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga.

"Isipoe," nilimwambia.

"Kaka, hii haitapoa hata siku ya hukumu."

Upepo wa Makambako ulitupokea kama kawaida yake, ukitaka kuondoka na kofia ya Benno. Duka la Odilo liko kando ya barabara kuu. Ndani mna pasi za mkaa, redio zilizonyamaza, taa za chemli, na chupa za dawa za kale, za bluu na za kahawia, zilizopangwa dirishani ili jua lizipite. Mtungi wa mke wangu ulikuwa juu ya meza, umepakwa mafuta ukang'aa. Remmy alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa akiuzunguka kama mtu azungukaye ng'ombe mnadani.

"Kamwene, shemeji," Odilo alinisalimu kwa Kibena chake cha kubeza, maana yeye ni Mpangwa. "Umerudi. Leo unanunua, au umekuja kupapasa tena?"

Nilimjibu kwamba nimekuja kununua, na kwamba nimekuja na wazee wawili ili biashara iwe ya haki. Uso wake ukachangamka. Mbele ya wanunuzi wawili mtungi mmoja hupanda thamani bila mwenyewe kufumbua kinywa.

Lakini alifumbua. Alimweleza Remmy kwamba mtungi huo ulikuwa wa mapadri wa zamani, kwamba ulikaa ghalani mwao tangu walipouleta kwa meli na wapagazi, na kwamba haujapata kugusa udongo wa nje. Alisema hayo yote huku akinitazama machoni. Benno, aliyekuwa ameusindikiza mtungi huo mpaka kaburini, alianza kukunja paji la uso.

"Ni mzima?" niliuliza.

"Mzima kama yai."

"Basi unashika kinywaji."

"Hata petroli."

Nikamgeukia Remmy. Nilimwambia kwamba mtu mwenye nyumba ya wageni hapaswi kununua chombo kwa macho peke yake, na kwamba baridi hii inastahili chai. Yunisi alikwisha kufungua kitenge. Kabla Odilo hajazunguka meza, nilikuwa nimemimina. Mvuke ulitoka mdomoni mwa mtungi kama pumzi ya mtu aliyepanda mlima.

"Shemeji," Odilo alisema upesi, "kitu cha kale hakiwekewi moto. Kitapasuka."

"Mtungi wa jiwe ulichomwa kwa moto mkali kuliko wa jikoni kwa Yunisi. Usiuogopee. Unywe, umwonyeshe mgeni."

Alicheka. Kicheko hicho hakikumfaa. Alisema hana kiu, kisha akasema ana vidonda vya tumbo, kisha akasema kwamba desturi ni mgeni kuonja kwanza.

"Desturi ni mwenye duka," Yunisi alimjibu. "Au ipo sababu ya kutounywea, shemeji? Tuambie. Sote hapa ni watu wazima."

Remmy aliondoa mkono wake mezani. Yeye ni mtu wa Iwawa, na kumbe sheria ile kwao pia ipo. Alimtazama Odilo, akautazama mtungi, akarudi hatua nyuma. Niliiona biashara ikianza kumtoka Odilo kama maji ndani ya pakacha.

Naye aliiona. Hapo ndipo tamaa ilipomshinda mtu aliyeijua sheria tangu utotoni. Aliuinua mtungi kwa mikono miwili, akanywa. Alipiga funda moja, akapiga na la pili ili asionekane mwoga.

"Vipi?" Remmy alimwuliza.

"Sukari imepungua."

Alikuwa angali ameukumbatia kifuani alipoanza kulowa. Kwanza lilitoka tone, likafuata jingine, kisha chai yote ilishuka juu ya suruali yake, ya moto kama Yunisi alivyoahidi. Donge jeusi la nta lilianguka juu ya kiatu chake, likabaki hapo.

Niliupokea mtungi kabla hajautupa. Niliupindua mbele ya Benno. Tundu langu lilikuwa palepale, pana kwa ndani kuliko kwa nje, kama nilivyoliacha.

Benno alivua kofia. Hakuniomba radhi hapo. Alifanya hivyo kanisani Jumapili, amesimama, mbele ya wote waliomsikia aliponisema. Mimi nampa haki yake kwa hilo.

Yunisi ndiye aliyelitamka neno. Alitandika kitenge chake sakafuni, katikati ya pasi za mkaa, akaonyesha kwa mkono.

"Karibu msibani, shemeji. Kaa."

Odilo alianza kusema mengi kwa pamoja. Mtungi tuuchukue. Fidia tuchague sisi, yeye atalipa. Alikuwa hakujua, aliuziwa na mtu. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia kwamba fidia sitaki na samahani sitaki. Nataka alichokataa kunipa nilipompigia simu.

Wakati huo wenye maduka ya jirani walikuwa wamesogea mlangoni, na Remmy amekwisha kuwaeleza. Mama mmoja auzaye ndizi aliingia, akajifunga khanga kiunoni, akamshika Odilo bega.

"Pole kwa msiba, baba."

Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Walimpa pole mmoja mmoja, kwa dhati kabisa, mtu aliyesimama na suruali iliyolowa. Nimesoma zaburi nyingi za watu walioomba kuwaona adui zao wakiaibishwa. Sikupata kuelewa waliomba nini mpaka siku ile.

Angeweza kukimbia. Lakini mfiwa anayekimbia msiba hapokelewi katika msiba wa mtu mwingine, na hakuna atakayefanya naye biashara kuanzia Makambako hadi Ludewa. Aliketi juu ya kitenge.

Tulimleta Njombe. Kutoka kituoni hadi kaburini alibeba mtungi kichwani mwake, mchana kweupe, bila kumsalimu mtu, maana mfiwa hasalimii. Watu walisimama kando ya uzio wao wa mianzi wakamtazama. Nilitembea nyuma yake polepole. Goti langu ni zima. Nilitaka tu safari iwe ndefu.

Aliurudisha mtungi mahali pake kwa mikono yake. Yunisi alimnyoa kwa maji baridi. Kisha Odilo akaketi juu ya mkeka ndani ya nyumba yangu, akaambiwa alie.

Alianza kwa kelele.

"Huo ni mlio wa mbuzi aliyekanyagwa," Yunisi alisema. "Ana jina huyo marehemu."

Wanawake walicheka kidogo, wakaficha vinywa.

Mchungaji wetu alikuja. Alinivuta kando, akanikumbusha kwamba kisasi hakikuwekwa mikononi mwa mwanadamu. Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi silipizi kisasi, natunza sheria. Alikuwa mwanafunzi wangu zamani, na anajua nikisema neno nisiloliamini.

Niliporudi ndani, kelele zilikuwa zimekoma. Odilo alikuwa amejikunyata, akisema na mkeka. Alikuwa akimweleza Emerensiana jinsi dada huyo alivyombeba yeye mdogo mgongoni kwenda misa wakati wa mvua, akamwambia afumbe macho asiuone utelezi, naye Odilo akafumba kwa sababu ni dada aliyesema. Alilirudia jambo hilo mara nyingi. Hakuna aliyecheka tena.

Mimi nilimsikiliza kama mtu aliye ndani asikilizavyo mvua ya nje. Nilitosheka. Naandika haya bila kuficha: nilitosheka, nikala chakula kingi.

Ningeishia hapo, hadithi hii ingekuwa yangu.

Siku ya kumaliza msiba watu walijaa uani. Odilo alikuwa amechinja dume la ng'ombe, kama impasavyo mfiwa. Nilikuwa nimekwisha kushika kopo la maji ili nimnawishe, aende zake, Yunisi aliposimama.

"Bado jambo," alisema. "Mfiwa haondoki mikono mitupu."

Nilimwambia kwamba huyu si mfiwa kama wafiwa wengine.

"Kaka, ni wewe uliyesema atatendewa yote. Hukusema baadhi."

Watu waliitikia kwa chini. Walikuwa na haki. Ndugu wa marehemu akishalia, huchagua kitu kimoja miongoni mwa vitu vya marehemu, na mwenye nyumba hakatai. Nilikuwa nimeikamata sheria ile kwa mkia nikidhani haina kichwa.

Odilo aliinua uso. Kipara chake kilimfanya afanane na dada yake siku zake za mwisho, nami sikupenda.

"Nilikuja," alisema. "Baada ya ninyi kuzika. Nilikuja peke yangu, nikakaa pale kaburini mpaka nikachoka. Nilitaka kitu chake. Ningechukua kipi? Ungenipa nini wewe, shemeji, hata khanga yake?"

"Ukachukua kumbukumbu ukaitafutia mnunuzi," Yunisi alimwambia.

"Niliutazama kila siku dukani. Sikuweza kuutazama tena."

Sikumsadiki, na hadi leo simsadiki yote. Nilimwuliza anataka khanga ipi.

Aliinuka, akaingia sebuleni kwangu, akasimama mbele ya rafu. Watu walisongamana mlangoni. Alizipitia chupa zangu kwa jicho la kazi yake: za wino, za dawa, zile nene za kijani zilizopigwa mihuri mabegani. Aligonga moja kwa kifundo cha kidole akasikiliza.

"Hizi nani alizifukua?"

Hakuna asiyejua. Shamba letu lipo mahali ambapo wamisheni wa kwanza walitupa taka zao, na mimi nilikuwa shuleni mchana kutwa. Aliyelima ni Emerensiana. Mimi nilizisafisha tu, nikazipanga, nikaziita mkusanyiko wangu.

"Dada yako," nilijibu.

Akanyoosha mkono hadi rafu ya juu, akaushusha mtungi wa jiwe.

Sikuwa nimekuambia, msomaji, kwamba iliyofukuliwa ilikuwa mitungi miwili. Ilikuwa imelala pamoja udongoni, mdomo kwa mdomo. Emerensiana alisema mmoja ni wake na mmoja ni wangu, na kwamba atakayetangulia amngoje mwenzake. Wake niliutoboa nikauweka juu yake. Huu ulikuwa wa kuwekwa juu yangu.

Odilo hakulijua hilo. Niliona usoni mwake kwamba alichagua kwa macho ya mfanyabiashara, akachukua kilicho kizito. Lakini Yunisi alijua, akashika kinywa.

"Huu," Odilo alisema.

Ningeweza kumweleza. Neno moja tu, naye huenda angeurudisha. Lakini kumweleza kungekuwa kumwomba, nami sikumketisha Odilo mkekani ili nije nimwombe kitu mbele ya watu walewale.

"Ni wako," nilimwambia. "Lete hapa kwanza."

Nilichukua nyundo na msumari nitumiao kwa kazi hiyo. Nilitoka uani, nikaujaza mtungi mchanga wenye unyevu ili usipasuke, nikaulaza ubavu mapajani mwangu, kitako kikinielekea. Watu walipoelewa ninalotaka kufanya, walirudi nyuma.

"Mwalimu," Benno alisema, "chombo hicho ni cha nani?"

"Changu."

"Nawe u hai."

Nikapiga. Kazi hiyo haihitaji nguvu, ni kugonga mahali pamoja bila haraka, mpaka jiwe lenyewe lichoke. Mchungaji aliita jina langu mara moja tu. Odilo alipiga magoti mbele yangu, akasema basi, shemeji, nimeacha, siutaki tena. Nikaendelea. Kipande kidogo kilidondoka ndani, na mchanga ukaanza kutiririka juu ya viatu vyangu.

Nilimkabidhi mtungi.

"Chukua. Huwezi kuuuza, maana watu wote wameuona. Huwezi kuunywea, unajua kwa nini. Siku nitakapokufa utauleta wewe, kichwani, kutoka Makambako, na utanizika. Hukumzika dada yako. Mimi utanizika."

Alinyoosha mikono, nikaimwagia maji. Akanawa. Alichokuwa akidaiwa na nyumba hii alikuwa amekimaliza, nami nilitamka hivyo kwa sauti, ili asije mtu akamdai tena. Aliondoka na mtungi kichwani, na njia yote hadi barabarani hakugeuka nyuma.

Benno aliwauliza wazee kama wamepata kusikia sheria inasema nini juu ya mtu aliyejitobolea chombo chake akiwa hai. Hakuna aliyekuwa amesikia. Walitazamana, wakayahamisha macho yao hadi kwa Yunisi, aliye mkubwa kuliko wote.

Yunisi aliingia jikoni, akapakua chakula, akaanza kugawa. Alimpa mchungaji, akampa Benno, akawapa wanawake waliokaa ukutani na watoto waliokuwa nyuma yao. Nilinawa mikono, nikangoja zamu yangu.

Alipofika mahali nilipoketi, alinipita kama apitavyo mahali pasipo na mtu.